SOMO LA UFUNDI: MILANGO YA REZO NA FAILI INAYOIAMURU

Safari hii tunajifunza jambo la kompyuta ambalo wengi hawaliangalii mpaka siku rezo inakufa. Jambo lenyewe ni hili: namna gani kompyuta inaambiwa itumie milango yake.

Tuanze na fonia. Waliotumia fonia katika misioni na hospitali walijua kwamba kuwa nayo mezani haitoshi. Sharti ijulikane mtasema katika frekansi gani, kituo chenu kinaitwaje, na saa gani mtasikilizana. Ukikosa moja, betri imejaa, waya uko juu ya mti, lakini husikii mtu. Kompyuta ni vilevile. Pale waya wa rezo unapoingia, ama pale redio yake ndogo ya wifi inapotokea, tunapaita mlango. Kila mlango una jina, kama eth0 ama wlan0, nao unangoja kuambiwa: adresi yako ni hii, na njia ya kutoka nje ni hii.

Katika Debian na katika Alpine Linux, maneno hayo huandikwa katika faili moja inayoitwa /etc/network/interfaces. Angalia mfano wa Alpine:

auto eth0
iface eth0
   address 192.168.10.5/24
   gateway 192.168.10.1

auto br0
iface br0
   use bridge
   bridge-ports eth1 eth2
   address 192.168.20.1/24

Neno auto linasema mlango ufunguliwe wenyewe kompyuta inapowashwa. Ile /24 inasema ya kuwa rezo hii ina namba 256, na kati yake 254 zaweza kupewa mashine. Gateway ni jirani anayepeleka barua zetu nje. Ukiandika ifup eth0, mlango unafunguka. Ifdown eth0, unafungwa. Na br0 je? Hiyo ni daraja, ama kilalo kama tunavyosema, inayounganisha milango miwili iwe uwanja mmoja: tuseme waya wa ofisi na waya wa kilasi.

Sasa tufike penyewe. Programu ya zamani ya Debian, ifupdown, ilibeba kazi nyingi ndani ya tumbo lake. Mwaka 2020 Ariadne Conill alianza kuandika nyingine, ifupdown-ng, na Alpine Linux 3.13, iliyotoka Januari 2021, ikaichukua mahali pa ile ya BusyBox. Hii mpya imegawanywa vipande vipande. Programu mama inasoma faili tu. Kazi yenyewe inafanywa na programu ndogo zilizo katika folda /usr/libexec/ifupdown-ng: moja inajua daraja, moja inajua kuomba adresi kwa DHCP, moja wifi, moja wireguard ya kusema kwa siri. Unapoandika use bridge, mama anaita kile kipande cha daraja na kukipa maneno yako. Bridge-ports inakifikia kwa jina IF_BRIDGE_PORTS. Tena, kabla ya kazi, mama anauliza kipande: «Wewe unategemea nani?» Daraja linajibu: eth1 na eth2. Basi hiyo miwili inafunguliwa kwanza. Na kipande chaweza kuandikwa kwa shell tu, hivi kwamba mwanafunzi anayejua shell kidogo anaweza kukisoma kutoka juu mpaka chini, hata kuongeza chake mwenyewe bila kumgusa mama.

Wengine watasema: kwa nini tujisumbue, na kuna programu za picha ambazo unabonyeza tu? Hatuzikatai. Lakini mvua ikiharibu njia ya Baraka, fundi wa Uvira ama Bukavu hatakuja Lulimba kwa sababu ya mistari miwili. Faili hii unaweza kuinakili kwa kalamu katika daftari. Unaweza kumsomea mtu kwenye simu, mstari kwa mstari, naye akakuambia wapi umekosea. Picha za kubonyeza, nani atazisoma kwenye simu? Tena ifupdown-ng imeandikwa kwa C, ni nyepesi, na haihitaji Python kama ifupdown2 ya Cumulus Networks. Kwa mashine ya zamani inayokula umeme wa jua, hilo si jambo dogo.

Na haya si ya miji mikubwa peke yake. Katika kisiwa cha Idjwi, jimbo letu hili la Kivu ya Kusini, shirika Ensemble Pour la Différence lilianzisha mwaka 2016 rezo ya wifi ya wenyeji, jina lake Pamoja Net. Hatusemi wao walitumia programu hii. Tunasema kwamba rezo yoyote ya namna hiyo ina mashine yenye mlango wa nje na milango ya ndani, na mtu fulani wa pale pale sharti ajue kila mmoja umeambiwa nini. ifupdown-ng ina hata kipande cha batman, cha redio zinazopokezana barua kutoka moja mpaka nyingine.

Onyo moja: kabla ya kubadili, nakili faili ya zamani. Halafu andika ifup -n br0. Hiyo inaonyesha yatakayofanywa bila kuyafanya.

Zoezi. Katika mfano wetu, mtu ameandika eth3 mahali pa eth2, na mashine haina eth3. (a) Mlango gani utashindwa kufunguka? (b) eth0 itafunguka ama haitafunguka, na kwa sababu gani? (c) Andika upya sehemu ya br0 ili daraja liwe na mlango eth1 tu, na adresi yake iwe 192.168.30.1.