Stakabadhi Mbili, Namba Moja: Nilivyotengeneza Funguo za Mizani ya Kahawa Kyerwa

Mama mmoja wa Kyerwa alikuja kwenye chama cha ushirika ameshika stakabadhi yake, namba 417. Kwenye kompyuta, 417 ilikuwa ya mzee wa kijiji kingine, pamoja na kilo za huyo mzee. Kilo za mama hazikuonekana popote. Karani akaanza kumtazama kana kwamba karatasi ameichapa mwenyewe nyumbani, na hilo liliniuma kuliko hitilafu yenyewe. Kahawa ya maganda ikishamiminwa ghalani na kuchanganyika na ya wenzake, mkulima hana kingine cha kumtetea ila kile kikaratasi. Mnada ukifanyika, pesa inamfuata aliyeandikwa.

Mfumo huo wa stakabadhi chama kiliuziwa na mtu aliyeuonyesha ukumbini kwa mizani moja na karani mmoja. Alipopigiwa simu akasema tatizo ni mtandao wa Kyerwa. Si kweli. Kompyuta zote zilikuwa kwenye ghala moja, zimeunganishwa kwa waya. Wauzaji wa aina hii wamezoea kusingizia mtandao wa vijijini kwa sababu wanajua hakuna atakayewabishia.

Ufunguo wa jedwali la stakabadhi ulikuwa na safu tatu: chama, msimu na namba. Wazo hilo nalitetea. Vyama vya msingi vya Karagwe na Kyerwa vimekuwa chini ya chama kikuu kimoja, KDCU, tangu kabla Kyerwa haijawa wilaya mwaka 2012, na chama hiki cha msingi huanza kitabu kipya kila msimu. Kwa hiyo 417 ya hapa si 417 ya chama jirani, wala si 417 ya mwaka jana. Kazi ni kuipata hiyo namba, safu ya tatu, ianze na moja kwa kila chama na kila msimu. Nitaeleza kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza: usitegemee JPA, ile kanuni ya Java ya kuhifadhi data kwenye kanzidata, ikuzalishie namba hiyo. Kanuni zake zinailazimu kukubali @GeneratedValue kwenye ufunguo wa safu moja tu. Ukiiweka ndani ya @EmbeddedId, usiitegemee. MySQL nayo, kwa injini ya InnoDB, ina hesabu moja kwa jedwali zima. MyISAM ya zamani iliweza kuanza upya kwa kila kundi, lakini haina miamala, na pesa za watu siziweki mahali pasipo na miamala. Ukiwa unaanza mfumo mpya, weka ufunguo wa safu moja na zile safu tatu zifunge kwa UNIQUE. Mimi sikuwa na nafasi hiyo, ripoti zote zilishajengwa juu ya ufunguo wa zamani.

Hatua ya pili ndiyo yenyewe. Programu ilikuwa inasoma namba kubwa kuliko zote na kuongeza moja. Makarani wawili kwenye mizani mbili walisoma 416 kwa wakati mmoja, wote wakapata 417. Sasa, kanzidata ilipaswa kumkataa wa pili, maana ufunguo haurudiwi. Mbona haikumkataa? Nilikesha na swali hilo, kwa sababu hata kumbukumbu za makosa zilikuwa tupu.

Jibu lilikuwa kwenye save() ya Spring Data. Ikikuta ufunguo umeshajazwa na hakuna safu ya toleo, inadhani rekodi ni ya zamani, basi inaita merge badala ya persist. Merge ikaenda kusoma 417, ikaukuta mstari wa mama, ikauandika upya kwa jina na kilo za mzee. Hakuna kilichogoma. Mama alifutwa kimyakimya na mfumo ukaamini umefanya kazi nzuri. Kama unajaza ufunguo mwenyewe, ita persist moja kwa moja, au klasi yako itekeleze Persistable na isNew ijibu kweli kwa rekodi mpya. Afadhali karani aone kosa jekundu kuliko mkulima kupoteza kilo zake.

Kisha namba yenyewe. Nilitengeneza jedwali dogo la kihesabu, mstari mmoja kwa kila chama na msimu, na amri hii ya PostgreSQL, kanzidata ya mfumo huu:

INSERT INTO kihesabu (chama, msimu, mwisho)
VALUES (?, ?, 1)
ON CONFLICT (chama, msimu)
DO UPDATE SET mwisho = kihesabu.mwisho + 1
RETURNING mwisho;

Iendeshe ndani ya muamala uleule unaohifadhi stakabadhi. Karani wa kwanza anashika kufuli la mstari, wa pili anasubiri kidogo, kisha anapata namba inayofuata. Chama jirani hakisubiri kitu, kina mstari wake. Muamala ukifeli, hesabu inarudi ilipokuwa. Hapo ndipo kihesabu cha kawaida cha PostgreSQL (SEQUENCE) kinaposhindwa: chenyewe huruka namba, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akikuta 420 kisha 422 atauliza 421 iko wapi. Ana haki ya kuuliza.

Hatua ya tatu ni majaribio. Makarani walikaa kila mmoja kwenye mizani yake, wakabonyeza kwa pamoja tena na tena, namba zikatoka zimefuatana bila pengo. Lakini kilo za mama hazikurudishwa na programu. Zilirudishwa na karani mzee ambaye bado anaandika kila mzigo kwenye daftari. “Mwanangu, mimi naandika kwanza, mashine inafuata,” aliniambia, akafungua ukurasa wenyewe. Jina lipo, kilo zipo, sahihi ya mama ipo. Nikaziingiza upya, na mama akalipwa pamoja na wenzake.

Viongozi wa vyama, Karagwe na Kyerwa: kabla hamjamlipa muuzaji wa mfumo, wekeni mizani mbili mbele yake, makarani wawili wabonyeze kwa pamoja, kisha hesabuni stakabadhi zilizomo kwenye kompyuta. Zikipungua hata moja, asilipwe.