Mgongo wa Mzazi Ukiuma Ghafla, Usianze kwa Kukanda

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, mzee akishika kiuno na kusema mgongo umemkataa, kinachotafutwa kwanza ni mafuta ya kuchua na mtu anayejua kukanda. Mara nyingi huwa ni misuli, na baada ya siku chache maumivu hupoa. Lakini wakati mwingine mfupa wa mgongo umevunjika, na huenda mzee hakuanguka wala hakugongwa na kitu.

Makala haya yanaeleza jinsi mfupa huo unavyovunjika, matibabu ya sindano yanayofanywa bila kupasua mgongo, na kwa nini ni lazima chanzo kijulikane kabla ya tiba yoyote.

Pingili inavyobonyea

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha zile zilizoshikamana hadi kwenye kifandugu. Ndani, pingili ina vijumba vidogo kama sega la nyuki. Umri ukisonga, hasa kwa mwanamke baada ya hedhi kukoma, kuta za vijumba hivyo huwa nyembamba. Hali hii ya udhaifu wa mifupa madaktari huiita osteoporosisi. Huwapata wanaume pia, na watu waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Pingili ikishakuwa dhaifu, kuinua mtungi wa maji wa lita 20, yaani kilo 20 kabla hujahesabu mtungi wenyewe, kwaweza kuibonyeza. Hata kupiga chafya au kukosea kidato kimoja cha ngazi kwaweza kutosha. Kwa kawaida upande wa mbele ndio hubonyea zaidi, pingili ikawa kama kabari. Zikibonyea kadhaa, mgongo hupinda na kimo hupungua. Bi mkubwa ambaye buibui lake lilikuwa likimtosha na sasa linaburura chini, huenda ana pingili zilizobonyea zamani bila mtu kujua.

Dalili ya kawaida ni maumivu ya ghafla katikati ya mgongo au juu ya kiuno, yanayozidi akisimama au akitembea na kupungua akilala.

Kwa nini kukanda kungoje

Si kila pingili iliyobonyea imeharibiwa na uzee. Kifua kikuu, yaani TB, hakikai mapafuni pekee. Huweza kuingia kwenye uti wa mgongo na kula pingili polepole. Daktari Percivall Pott wa London aliieleza hali hiyo mwaka 1779, na hadi leo huitwa ugonjwa wa Pott. Saratani nayo, kama ya matiti au ya tezi dume, huweza kusambaa hadi kwenye mifupa ya mgongo.

Magonjwa haya matatu huweza kuanza kwa lalamiko lilelile: mgongo unauma. Tiba zake ni tofauti kabisa. TB hutibiwa kwa dawa kwa miezi kadhaa, na katika vituo vya afya vya umma vipimo na dawa zake ni bure. Saratani ina njia yake. Kumkandamiza au kumnyoosha kwa nguvu mtu ambaye pingili yake imevunjika au imeliwa na ugonjwa kwaweza kusukuma kipande cha mfupa kwenye uti wa neva, na neva hizo ndizo zinazoendesha miguu na kibofu. Hatuwadharau wakandaji wetu. Tunachoomba ni picha ya eksirei itangulie.

Sindano na simenti

Mwaka 1984, mjini Amiens, Ufaransa, madaktari Pierre Galibert na Hervé Deramond walidunga simenti maalumu ya kitabibu ndani ya pingili ya shingo iliyokuwa imedhoofishwa na uvimbe. Njia hiyo huitwa vatebroplasti. Mgonjwa hulala kifudifudi na mara nyingi hupewa ganzi ya sehemu inayotibiwa tu. Daktari hupitisha sindano nene kwenye ngozi hadi ndani ya pingili huku akiitazama kwenye mashine ya eksirei, kisha hudunga simenti kidogo ambayo hukauka kwa dakika chache. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Njia ya pili ni kifoplasti. Hapa kibofu kidogo kama puto hujazwa kwanza ndani ya pingili ili kuiinua na kufungua nafasi, ndipo simenti huwekwa.

Hatari zake si nyingi, lakini zipo. Simenti huweza kuvuja kuelekea kwenye neva, au kuingia kwenye mshipa wa damu na kufika mapafuni. Na kuna katazo kubwa: simenti haiwekwi kwenye pingili yenye maambukizi. Ndiyo maana swali la TB lazima lijibiwe kwanza.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2009 tafiti mbili zilichapishwa, moja yenye wagonjwa 131 na nyingine 78. Nusu hivi ya wagonjwa walipata vatebroplasti, na waliobaki walifanyiwa utaratibu wa kuiga, bila simenti, na bila kujua wamo kundi gani. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Mwaka 2016, utafiti wa Australia wenye wagonjwa 120 ulionyesha kuwa waliokuwa na maumivu makali, na mvunjiko wa chini ya wiki 6, walinufaika. Miaka miwili baadaye, utafiti wa Uholanzi wenye wagonjwa 180 haukuona tofauti kubwa.

Maana yake kwa familia ni hii: sindano hii si ya kila mgongo. Inaweza kufikiriwa pale maumivu yanapobaki makali licha ya dawa, au saratani inapokuwa imedhoofisha pingili. Mtu asiuze kiwanja wala kuitisha mchango kabla ya kumwuliza daktari maswali manne: Mvunjiko una muda gani? TB na saratani zimepimwa? Tukingoja, nini kitatokea? Bima italipa kiasi gani?

Wengi hupona bila sindano

Mvunjiko wa udhaifu wa mifupa kwa kawaida hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12. Mgonjwa hupewa dawa za maumivu, hupumzika siku chache, kisha huanza kutembea taratibu kwa msaada wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kulala kitandani wiki nyingi huzidi kudhoofisha mifupa.

Pingili moja ikishabonyea, nyingine iko hatarini, kwa hiyo mifupa yenyewe lazima itibiwe. Dawa ya alendroneti humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu, na mgonjwa hukaa wima angalau nusu saa. Anayefunga Ramadhani amwulize daktari kuhusu saa ya kuimeza. Maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza madini ya kalsiamu. Vichochoro vyetu ni vyembamba na jua haliingii kila chumba, basi mzee akae kidogo uani au juu ya paa, mikono wazi, apate jua. Ngazi ziwe na taa na mahali pa kushika. Mtungi abebe kijana.

Hatua za kuchukua

Maumivu ya ghafla kwa mtu wa zaidi ya miaka 50 yapelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka huko, ikihitajika, atapewa barua ya rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, ambayo wengi bado tunaiita Makadara. Mtaje daktari kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda, au historia ya saratani.

Miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo na haja kubwa vikishindwa kuzuilika, hiyo ni dharura. Aende hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) apige *147# kwa simu yake. Kijana, msajili mzazi wako leo, kabla mgongo haujauma.