Feni Kubwa Iendayo Polepole

Nataka kuwaeleza habari za feni za kompyuta, na jinsi ya kuchagua ile ipoozayo bila kutusumbua masikio. Lakini kabla ya kuanza somo hapana budi niungame kosa, maana bila kosa hilo nisingalijifunza neno lolote katika haya yafuatayo.

Waingiao katika chumba chetu cha kompyuta wakati wa prepo, saa 1:30 hadi saa 3:30 usiku, waijua kelele yake. Kompyuta 20, nyingi zao za zamani, zavuma kama kinu cha kusagia mahindi, na mwalimu akisimama ubaoni hana budi kupaza sauti. Usiku mmoja wa mwezi wa Februari mwenzangu wa dawati alikuwa akiandika kazi yake, na mashine yake ndiyo iliyopiga kelele kupita zote. Mfuniko wake ulikuwa umeondolewa. Nikamwambia, "Ngoja nikupe utulivu," nikachomoa waya wa feni iliyo juu ya prosesa. Kweli kukawa kimya, tukafurahi. Baada ya dakika kama 20 kioo kikawa cheusi ghafla, na kazi ya usiku kucha, ambayo hakuwa ameihifadhi, ikapotea yote. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne haumngoji mtu. Mwenzangu hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki. Mwalimu wetu hakunipiga wala hakunifokea, alisema tu, "Umeondoa kelele. Sasa niambie joto umelipeleka wapi."

Basi nikaanza kutafuta jibu.

Prosesa ni kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Umeme unaoingia humo, wati 50, au 65, au pengine zaidi ya 100, hugeuka kuwa joto karibu wote, na joto hilo hutoka mahali pasipozidi ukubwa wa biskuti. Ndiyo maana juu yake hufungwa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi membamba, na juu ya mapezi hufungwa feni. Chuma hulitawanya joto, upepo hulichukua. Ukiuzima upepo, joto hupanda mpaka kukaribia digrii 100. Prosesa kwanza hupunguza mwendo wake ili ijiokoe, na isipopata nafuu hujizima. Hivyo mashine ya mwenzangu haikuharibika. Ilijilinda na ujinga wangu.

Sasa kelele yenyewe yatoka wapi? Nilidhani yatoka katika mota. La, sehemu kubwa ni sauti ya hewa yenyewe ikikatwa na mapanga ya feni na kugonga kingo za tundu na mapezi. Sehemu ya pili ni ekseli inayozunguka ndani ya bushi au beringi. Ya tatu ni mtikisiko, feni inapolitetemesha kasha la bati na bati likaitika kama ngoma.

Sisi tuliokulia Uchagani tunao mfano mzuri karibu na nyumba zetu, nao ni mfongo. Mfongo mwembamba wenye mteremko mkali hupiga kelele hata usiku wausikia ukiwa kitandani. Mfongo mpana huenda polepole na kimya, nao waweza kupeleka migombani maji yaleyale, au hata zaidi. Feni ni hivyohivyo. Katika kompyuta zetu za zamani zimo feni za upana wa milimita 80 na 92, ambazo hulazimika kukimbia mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika. Feni za siku hizi ni za milimita 120 na 140.

Hesabu zake ni hizi, na wapenzi wa fizikia watazifurahia. Kwa feni moja, ukipunguza mizunguko kuwa nusu, hewa ipitayo hupungua kuwa nusu. Nguvu ya msukumo wa hewa hupungua kuwa robo. Umeme unaotumika kuizungusha hupungua kuwa sehemu moja ya nane. Na kelele hushuka kwa desibeli kama 15. Na kwa feni za umbo moja zenye mwendo mmoja, hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha upana. 120 ukigawa kwa 80 wapata 1.5, na 1.5 mara tatu kwa yenyewe ni karibu 3.4. Maana yake feni ya milimita 120 ikizunguka mara 800 tu kwa dakika hupitisha hewa sawa na ile ya milimita 80 inayokimbia mara 2,700. Nimepiga hesabu ya kelele kwa kanuni hizohizo za feni nikapata tofauti ya desibeli kama 14.

Desibeli 14 ni nyingi ama chache? Desibeli hazijumlishwi kama machungwa. Feni mbili zenye kelele sawa huongeza desibeli 3 tu, na 20 huongeza 13, endapo zote ziko umbali mmoja na sikio. Sikio nalo huhesabu kwa namna yake: likiongezewa desibeli 10 huona kelele imekuwa maradufu. Kwa hiyo kubadili feni ndogo kwa kubwa katika kila mashine kwashinda kidogo faida ya kuzizima mashine 19 na kubakiza moja! Tena sikio la mtu huchukia zaidi milio myembamba, hasa ya mitikisiko 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde. Feni ndogo hulia kama mbu, na kubwa huvuma kama upepo wa mbali, ambao watu hulala nao.

Nikaendelea na habari za ekseli, kwa maana hapo ndipo wauzaji wanapotudanganya. Feni rahisi hukaa katika bushi, yaani kibomba chenye mafuta. Ikiwa mpya huwa kimya kabisa, lakini mafuta hukauka, hasa feni ikilala chali na mahali pawe na joto, kisha huanza kukwaruza. Za gololi hudumu miaka mingi na hustahimili joto, ila zina mlio wake tangu mwanzo, nao huzidi zikipata mshindo. Aina ya tatu huelea juu ya utando wa mafuta yanayosukumwa na mzunguko wenyewe. Ndiyo iliyo bora kwa ukimya na maisha marefu, na bei yake ni juu. Feni moja ya bushi tuliipeleka kwa fundi mjini Moshi. Alibandua karatasi ya nyuma, akatia tone moja la mafuta ya cherehani, akabandika tena. Ilinyamaza wiki tano, kisha ikaanza upya.

Watengenezaji ni wengi. Noctua ya Austria, iliyoanza mwaka 2005, yajulikana kwa feni zake za rangi ya kahawa, ambazo mwenzangu mmoja alisema zafanana na sare ya shule ya jirani. Feni yao iitwayo NF-A12x25, iliyotoka mwaka 2018, ni ya milimita 120. Mapanga yake ni ya plastiki ngumu isiyonyumbuka, kwa hiyo waliweza kuacha nafasi ya nusu milimita tu kati ya ncha za mapanga na fremu, ili hewa isivuje kurudi nyuma. Kwa mwendo wake wa juu wa mizunguko 2,000 hupitisha mita za ujazo 102 za hewa kwa saa, kwa desibeli 22.6, kwa maandishi yao wenyewe. Wanayo nyingine ya bei nafuu, NF-P12 redux ya mizunguko 1,700, yenye kupitisha mita za ujazo 120 kwa desibeli 25.1. Arctic P12 huzunguka mpaka mara 1,800 na kupitisha mita za ujazo 95 na kitu. Ukitazama bei za ng'ambo, feni moja ya NF-A12x25 hukaribia bei ya pakiti ya Arctic P12 tano.

Lakini hapa msomaji awe macho. Arctic hawakuandika desibeli, waliandika soni 0.3, ambacho ni kipimo kingine cha kelele. Nao hao watengenezaji hawapimi katika chumba kimoja wala kwa umbali mmoja. Kuzilinganisha kwa maandishi ya masanduku ni sawa na kulinganisha wakimbiaji wawili ambao kila mmoja alijishikia saa yake. Njia ya haki ni kuzifunga katika kompyuta ileile, chumba kilekile, mpaka prosesa ifike joto lilelile, ndipo usikilize. Kwa maoni yangu, mtu mwenye mashine moja ya kazi za usiku asijutie kununua ile ghali. Shule yenye mashine 20 ichukue zile za pakiti.

Tena kuna msukumo. Feni ya kutoa hewa kwenye kasha lililo wazi haihitaji nguvu nyingi, bali ya kupitisha hewa katika mapezi yaliyosongamana, au katika kitambaa cha kuzuia vumbi, yaihitaji. Ukinunua kwa kutazama wingi wa hewa peke yake utapata feni ambayo mbele ya mapezi huzunguka bure.

Msomaji atauliza, je, huku mlimani si baridi, feni za nini? Mji wa Moshi uko mita kama 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na shule yetu iko karibu mita 1,400. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia kama 13, kwa hiyo kila mita ya ujazo hubeba joto pungufu. Wati 100 zikichukuliwa na mita za ujazo 50 kwa saa, hewa itatoka ikiwa imepanda digrii 6 kule Dar es Salaam, na karibu digrii 7 kwetu. Tumepoteza digrii moja. Lakini ikiwa chumba cha Dar es Salaam kina digrii 32 na chetu kina 20, tumepata 12. Basi mlima watupendelea, na feni zetu zingeweza kwenda polepole kuliko za pwani.

Kwa nini basi zilikuwa zikipiga kelele? Kwa sababu ya vumbi. Mwalimu aliponiruhusu kufungua mashine ya kwanza, nikiwa nimechomoa waya wa umeme ukutani, nilikuta kati ya mapezi blanketi nene la vumbi jekundu lililochanganyika na masizi ya jiko letu la kuni. Hewa haikupita kabisa. Prosesa ikipata joto, bodi huiamuru feni iongeze mwendo, nayo hukimbia mpaka mwisho na kupiga makelele bila faida. Tulipuliza kwa blowa nje ya chumba, tukiyashika mapanga kwa kidole yasizungushwe na upepo huo kupita kiasi, tukafuta dawa nyeupe iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya kidogo, kama punje ya dengu. Mashine 13 kati ya 20 zikanyamaza bila kununua feni yoyote. Ningeanza hapa, badala ya kusoma habari za Austria kwa wiki mbili!

Saba zilizobaki zilitaka feni. Tulifunga za milimita 120 katika zile ambazo kasha lake lilikuwa na nafasi, tukizingatia mshale uliochongwa kwenye fremu, kwa kuwa mwanafunzi mmoja alizifunga mbili zikitazamana, nazo zikashindana kusukumana. Hewa baridi iingie mbele chini, ya moto itoke nyuma juu. Kati ya feni na bati tuliweka vipande vya tyubu ya baiskeli, ukaisha ule mtikisiko wa ngoma. Tulichagua zenye pini nne; pini ya nne huleta amri ya mwendo kwa mapigo 25,000 kwa sekunde, na kwa kuwa sikio la mtu halisikii zaidi ya 20,000, amri hiyo hatuisikii. Mbele ya tundu za kuingizia hewa tumevalisha soksi za nailoni nyembamba, nazo zaoshwa kila Jumamosi ya pili wakati wa kiangazi. Madirisha ya upande wa mlimani hufunguliwa usiku, maana baada ya jua kuchwa hewa baridi huteremka kutoka juu. Mchana twayafunga, kwa sababu upepo hugeuka na kupanda pamoja na vumbi la barabara.

Siku hizi wakati wa prepo twawasikia vyura wa mfongo ulio nyuma ya chumba. Imebaki mashine ya dirishani, ambayo tundu lake la feni ni la pini tano, namna ya kiwanda chake peke yake, na feni nyingine ikifungwa mashine hukataa kuwaka mpaka ubonyeze kitufe kuithibitishia kwamba umeiona hitilafu. Hiyo ndiyo niitumiayo mimi. Mwenzangu alichagua ya pembeni, nayo huhifadhi kazi yake kila baada ya sentensi mbili, hasa nikipita karibu.