Magadi, Ndimu na Hewa ya Ukaa: Jinsi ya Kuteua Zao la Umeme Katika Asidi

Magadi yauzwayo Kariakoo kwa kuivishia maharage ni chumvi za sodiamu, kabonati na bikabonati, zipatikanazo katika maziwa ya Bonde la Ufa. Mtu akikamulia ndimu juu ya kipande cha magadi, povu hutoka papo hapo. Povu hilo ni kabonidioksaidi, yaani hewa ya ukaa, ileile inayochemka katika soda ya chupa. Alkali ilikuwa imeifunga ndani ya chumvi. Asidi ya ndimu imeifungua. Jambo hili dogo la jikoni ndilo kiini cha tatizo lililowasumbua kwa miaka mingi wakemia wanaotaka kuigeuza hewa hiyo kuwa mali kwa nguvu ya umeme.

Njia yao ni elektrolisisi. Mabamba mawili hutiwa katika maji yenye chumvi, kisha umeme hupitishwa. Bamba hasi, yaani kathodi, hutoa elektroni, na hewa ya ukaa ikizipokea hugeuka kitu kingine. Mnamo 1985 Yoshio Hori na wenzake nchini Japani walitangaza kwamba kathodi ya shaba huigeuza hewa hiyo kuwa methani. Baadaye ikadhihirika kuwa hutoa hata ethilini. Wauza ndizi wanaifahamu ethilini ijapokuwa hawaitaji kwa jina, kwani ndizi zikivundikwa pamoja, ndiyo hewa inayoziivisha. Viwandani hutengenezewa plastiki ya ndoo na madumu, na hadi leo hutokana hasa na mafuta ya petroli na gesi asilia.

Kwa nini basi kazi hii isifanywe katika maji ya alkali, ambamo shaba huteua ethilini vizuri zaidi? Hapa ndipo magadi yanapoingia. Kila ethilini moja inapoundwa hutumia molekuli 2 za hewa ya ukaa na elektroni 12, na kandokando ya kathodi huzaliwa ioni 12 za haidroksidi, ambazo ni alkali kali. Ioni hizo huweza kunasa molekuli 6 nyingine za hewa ya ukaa na kuzifanya kabonati. Kwa hesabu hiyo, katika kila molekuli 8 zilizoingia, 2 tu huwa bidhaa, na 6 huishia kuwa namna ya magadi ambayo hakuna aliyeyaagiza. Kuzifungua tena kunataka nishati, na nishati hiyo hula faida yote.

Katika asidi hasara hiyo huondoka, maana kabonati ikizaliwa hukutana na ioni za haidrojeni, na hewa hufunguliwa irudi kazini kama ilivyo kwa ndimu. Lakini hapo huzuka adui mwingine. Ioni za haidrojeni nazo hupenda elektroni, na zikizipata huwa gesi ya haidrojeni. Katika asidi yenye pH 1 ioni hizo ni takriban mara 3 ya hewa ya ukaa iwezayo kuyeyuka majini katika kanieneo ya kawaida, tena husafiri majini kwa kasi inayokaribia mara 5 ya mwendo wa hewa hiyo.

Msomaji awaze kivuko cha Magogoni asubuhi, geti linapofunguliwa. Waendao kwa miguu hutangulia mbio na kujaza pantoni, na magari hubaki nyuma. Ioni za haidrojeni ndio hao waendao kwa miguu. Dawa ya kwanza ni kuyaletea magari njia yao wenyewe: hewa ya ukaa hupitishwa nyuma ya kathodi yenye vitundu vidogo, isilazimike kuogelea kutoka mbali. Dawa ya pili ni kuongeza umeme kwa nguvu, hata ioni za haidrojeni zilizo karibu na shaba ziishe upesi kuliko wenzao wanavyoweza kufika. Dawa ya tatu ndiyo iliyoshangaza wengi. Nayo ni potasiamu.

Ioni ya potasiamu haipandi pantoni, yaani haipokei elektroni. Kwa kuwa ina chaji chanya, huvutwa na kathodi na kusimama mlangoni pamoja na wenzake. Msongamano huo huwazuia wakimbiaji, na papo hapo huisaidia molekuli ya hewa ya ukaa kushika shaba na kupokea elektroni. Mwaka 2021 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba pasipo ioni za metali katika maji, kathodi za shaba, dhahabu na fedha haziigeuzi kabisa hewa ya ukaa. Mwaka huohuo watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya potasiamu kwa wingi karibu na shaba katika asidi yenye pH chini ya 1. Katika kila sehemu 100 za hewa iliyopita mara moja, 77 zilitumika, na 50 kati ya hizo 100 zikawa bidhaa zenye kaboni zaidi ya moja, kama ethilini na ethanoli.

Ushindi huo una gharama. Mtambo ulihitaji volti 4.2, ilhali nadharia yadai takriban volti 1.15 tu kwa ethilini. Tofauti hiyo yote hupotea kama joto. Tena potasiamu ikikutana na kabonati kidogo iliyobaki huganda kuwa chumvi ndani ya vile vitundu, na njia ya hewa huziba. Ndiyo maana baadhi ya watafiti sasa hujaribu kupaka juu ya shaba utando wa plastiki wenye chaji chanya za kudumu, ufanye kazi ya potasiamu bila kuyeyuka. Na hewa inayotumika maabara ni safi. Moshi wa tanuri la saruji, kama lile la Wazo Hill, una vumbi na oksijeni, na oksijeni hunyakua elektroni kwa pupa kuliko hata haidrojeni.