Kinga ya Mwili na Virusi Vinavyobadilika

Swali: Mkazi wa Shishiyu, wilayani Maswa, aliugua UVIKO-19 mwaka 2020 akapona. Mwaka 2022 aliugua tena, lakini kidogo. Eleza.

Jibu:
(a) Kingamwili hupungua katika damu kadiri miezi inavyopita.
(b) Kirusi hubadilika kinapozaliana. Omikroni, iliyotangazwa Novemba 2021, ilikuwa na mabadiliko mengi kwenye protini ya miiba, hivyo kingamwili za awali hazikuitambua vizuri.
(c) Aliugua kidogo kwa sababu seli za kumbukumbu zilibaki, zikaamsha kinga haraka. Chanjo, iliyoanza kutolewa nchini Julai 2021, nayo hujenga seli hizo.

Angalizo: Usiandike "aliyepona haugui tena." Kwa kawaida hiyo ni kweli kwa surua, si kwa UVIKO-19.