Pampu iliyochongwa hedi: petroli gani, plagi gani?

Wakulima wenzangu, wiki hii kijana mmoja kaniletea pistoni yenye tundu katikati. Pampu imemfia nyanya zikiwa kwenye maua. Fundi alichonga hedi ili injini "ipate nguvu", plagi ikabaki ileile, na petroli ilikuwa ya chupa.

Hedi ikichongwa, mgandamizo unapanda na joto pia. Petroli ya oktani ndogo inajilipukia yenyewe kabla ya wakati. Ndiyo ile sauti ya kugonga, kama kokoto ndani ya kopo, pampu ikielemewa. Oktani kubwa haiongezi nguvu jamani, inazuia kugonga tu. Pampu ambayo haijachongwa haihitaji. Iliyochongwa, tafuta oktani 95 kituoni. Ya chupa achana nayo, ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa oktani inashuka.

Sasa plagi. Honda GX160 hutumia NGK BPR6ES. Hiyo 6 ni daraja la joto: kwa NGK namba ikipanda, plagi inapoa haraka zaidi, kwa hiyo iliyochongwa jaribu 7. Bosch ni kinyume, na hapo wengi wanapigwa. Urefu wa nyuzi usibadilike, ndefu itagonga pistoni. Pengo liwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Mwagilia nusu saa, zima, iache ipoe, fungua plagi. Kahawia hafifu ni sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, safisha kwanza chujio la hewa, ikirudia rudi kwenye 6. Nyeupe yenye malengelenge, usiwashe tena hata kama limebaki tuta moja.