Mwenye Shimo Ndiye Atakayelipa

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo amri ambayo wengi huipita upesi wanapoisoma. Mtu akichimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia humo, mwenye shimo hana budi kulipa. Hakumsukuma mnyama yule. Labda saa ile alikuwa amelala nyumbani kwake. Hata hivyo atalipa, kwa kuwa hatari ile ni yake, naye aliiacha wazi. Ndugu zetu wa wilaya ya Songwe, ambako wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu, hawahitaji kufafanuliwa amri hiyo. Leo twataka kuitumia kupimia mashimo ya namna nyingine, yale yanayochimbwa ndani ya kompyuta na simu.

Virusi vya kompyuta ni nini? Si wadudu, wala si ugonjwa. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu, yenye kujinakili yenyewe na kupita toka chombo kimoja mpaka kingine, mara nyingi pasipo mwenye chombo kujua. Basi yafaa tushike neno hili kwanza: virusi hivyo havioti vyenyewe kama magugu shambani. Kila kimoja kina mwandishi wake, na mwandishi huyo ana akili, hiari na dhamiri.

Wapo wasemao, "Mimi nilijaribu tu, sikukusudia kuharibu." Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia mtandaoni programu yenye kujinakili. Ikazaana kuliko alivyotazamia, ikalemea maelfu ya kompyuta. Mwaka 1990 alitiwa hatiani. Alipokata rufani, mahakama ilisema mwaka 1991 kwamba yatosha aliingia kwa makusudi katika kompyuta asizoruhusiwa. Haikulazimu kuthibitisha kwamba alikusudia na hasara yenyewe.

Wengine husema, "Hakuna sheria inayonikataza." Mwezi Mei 2000 virusi vilivyojificha katika barua yenye kichwa cha maneno ya mapenzi vilitoka Ufilipino vikaenea duniani kote. Kijana aliyeshtakiwa aliachiliwa, maana nchi yake haikuwa bado na sheria ya kosa hilo. Lakini je, kukosekana kwa sheria ya serikali kwaifuta amri ya saba? Hasha! Mali ya jirani ni mali ya jirani hata kabla bunge halijakaa.

Tena mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, navyo vikadai fedha ili kuzifungua. Katika hospitali za Uingereza wagonjwa wengi waliahirishiwa matibabu. Njia iliyotumika kupenya ilikuwa imegunduliwa kwanza na idara ya ujasusi ya Marekani, ikafichwa ili itumike kama silaha, kisha ikaibwa na kutangazwa. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake mwezi Machi mwaka uleule, lakini wengi hawakuitumia. Tazameni jinsi wajibu unavyogawanyika: yupo aliyeshambulia, yupo aliyeweka silaha akashindwa kuilinda, na yupo aliyeonywa akapuuza. Makosa yao si sawa kwa uzito, lakini kila mmoja ana la kujibu.

Msomaji wa Tunduma atauliza, "Mambo hayo ya Ulaya yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Tunduma ni mlango wa nchi. Reli ya TAZARA na barabara kuu ya Zambia zapita hapo, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwezi Oktoba 2019, watu na mizigo huvuka kwa wepesi zaidi. Fedha za wafanyabiashara, za madereva na za wakulima wa kahawa wa Mbozi hupita katika simu. Na chombo cha hatari kilicho karibu nasi kuliko vyote ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiyehusika.

Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa, ili kila namba iwe na mwenyewe. Lakini wapo mawakala wasio waaminifu. Huja bibi mzee asiyejua kusoma, huambiwa, "Bibi, alama haikusoma, weka kidole tena." Kumbe kwa kidole kile cha pili imesajiliwa laini nyingine, nayo yauzwa kwa walaghai. Kesho mjane wa kijiji cha mbali atapokea ujumbe wa uongo, na ada ya mwanawe itakwenda. Wakala atasema, "Mimi niliuza laini tu."

Kumbukeni mfalme Daudi. Aliandika barua ya kumwangamiza Uria, akampa Uria mwenyewe aichukue. Uria aliibeba bila kujua, hana hatia. Yoabu aliisoma, akaelewa, akatii. Naye alishiriki uovu. Daudi hakugusa upanga, lakini nabii Nathani alimtamkia wazi kwamba ndiye aliyeua. Bibi yule ni kama Uria. Wakala ni kama Yoabu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki yafundisha kwamba twaweza kuwajibika kwa dhambi za wengine tukizishiriki, tukiziamuru, tukizisifu, tukiwaficha watendao, au tukinyamaza hali ilitupasa kuzuia. Yafundisha pia kwamba haki yadai kurudisha kilichoibwa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kuungama kwatosha huku fedha ya mjane ingali mfukoni. Aliyekula fungu katika wizi anawiwa fidia.

Na sheria ya nchi haipo mbali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimgusi mwizi peke yake. Yakataza pia kumiliki isivyo halali chombo au programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa.

Basi, wazazi, yawapasa mambo matatu. Kwanza, waulizeni vijana wenu fedha wanazoleta nyumbani zatoka wapi; mchelea mwana kulia hulia yeye. Pili, kagueni laini zilizosajiliwa kwa majina yenu kwa kupiga *106#, mkawasaidie na wazee. Mkiona namba msiyoijua, ombeni ifutwe. Tatu, mkipokea ujumbe wa ulaghai, msiusambaze kwa mzaha. Pelekeni namba ile kwa 15040, ili ifungwe.

Nanyi vijana mliojaliwa akili ya kompyuta, kipaji hicho ni chema. Kabla ya kutoa kitu mikononi mwenu, jiulizeni ni nani atakayepita njia ile usiku. Na aliyekwisha kuacha shimo wazi, akalifunike leo, kisha akamlipe jirani yake.